Dawa inayofungua breki za kinga ya mwili: Sayansi imeivisha, bei yaifungia kabatini

SHIRIKA la Afya Duniani (WHO) lilipotoa orodha yake mpya ya dawa muhimu mnamo Septemba 2025, dawa moja ilipanda ngazi kwa namna iliyowashtua wengi. Pembrolizumab, ambayo tangu 2019 ilikuwa imetajwa katika orodha hiyo kwa ajili ya saratani ya ngozi ya aina ya melanoma, sasa ilipendekezwa pia kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa mwilini, aina fulani ya saratani ya utumbo mpana na aina mojawapo ya saratani ya mapafu.

Kwa Kenya, hii si habari ya ng'ambo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowaua wanawake wengi nchini kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonyesha kuwa wanawake zaidi ya 5,000 hupatikana na maradhi hayo kila mwaka humu nchini, na zaidi ya 3,000 hufariki. Wengi wao hufika hospitalini wakati ambapo upasuaji hauwezi tena kuwafaa.

Swali linalozuka basi ni hili: dawa huitwaje muhimu ilhali mgonjwa wa kawaida hawezi kuikaribia? Nchini Marekani, bei iliyotangazwa ya dozi moja ya pembrolizumab ya miligramu 200, inayotolewa kila baada ya wiki tatu, imepita dola 11,000. Kwa fedha za Kenya hizo ni takriban Sh1.4 milioni. Mgonjwa anaweza kuhitaji dozi hadi 35 katika kipindi cha miaka miwili.

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipoanza kazi Oktoba 2024, kikomo cha matibabu ya saratani kiliwekwa kuwa Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, pamoja na Sh150,000 zaidi kutoka kwa hazina ya magonjwa sugu. Jumla hiyo ya Sh550,000 haifikii nusu ya dozi moja kwa bei ya Marekani. Hata kikomo hicho kikiongezwa maradufu, pengo lingali pana mno.

Ili kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapa, ni sharti kwanza kufahamu dawa hii hufanya kazi gani. Mwili wa binadamu una askari wake, yaani seli nyeupe za damu. Miongoni mwazo ni zile ziitwazo seli T, ambazo kazi yake ni kuzisaka na kuziua seli zilizovamiwa na virusi au zilizogeuka kuwa saratani. Askari wasiodhibitiwa hugeuka wakawa maadui wa raia. Kwa sababu hiyo, maumbile yameziwekea seli T breki.

Breki mojawapo ni kipokezi kiitwacho PD-1, kinachokaa juu ya ngozi ya seli T. Kipokezi hicho kikiguswa na protini nyingine iitwayo PD-L1, seli T hupunguza makali na kutulia. Saratani nyingi zimejifunza hila hii. Hujivika PD-L1 kwa wingi, nayo seli T inapofika kushambulia hukanyagishwa breki na kulala.

Kipokezi hicho kiligunduliwa mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na Yasumasa Ishida pamoja na mwalimu wake, Tasuku Honjo. Wakati huo walikuwa wakitafuta jeni zinazohusika na kufa kwa seli, wala si tiba ya saratani. Ilichukua miaka kadhaa kubaini kazi yake hasa. Mnamo 1999, kundi hilo lilionyesha kuwa panya waliozaliwa bila PD-1 hupatwa na maradhi ambapo mwili hujishambulia wenyewe. Hapo ndipo ilipobainika kwamba breki imepatikana.

Kwa upande mwingine wa dunia, James Allison, aliyekuwa California, alikuwa akichunguza breki nyingine iitwayo CTLA-4. Mnamo 1996, yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa panya wenye uvimbe wakidungwa kingamwili inayoziba breki hiyo, uvimbe huyeyuka. Mwaka 2018, Allison na Honjo walituzwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba.

Ikumbukwe kwamba ugunduzi huo wote ulitegemea kifaa kimoja kisichojulikana na wengi: kingamwili za utafiti. Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili kunasa kitu kimoja mahususi, mfano wa ufunguo na kufuli yake. Mnamo 1975, Georges Köhler na César Milstein wa Cambridge, Uingereza, waligundua jinsi ya kuunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaana. Matokeo yake yakawa kiwanda hai kinachotoa kingamwili za ukoo mmoja, zote zikilenga shabaha ileile. Wataalamu huziita kingamwili monokloni. Mbinu hiyo haikuwekewa hataza, yaani haki ya kipekee ya kibiashara, nayo ikasambaa katika maabara kote ulimwenguni.

Leo hii, mtafiti akitaka kuchunguza PD-1 katika panya huagiza kichupa kidogo cha kingamwili ijulikanayo kwa mfano kama RMP1-14, ambayo hutokana na seli za panya-buku na huziba PD-1 ya panya mdogo wa maabara. Juu ya kichupa hicho huandikwa onyo lisilo na utata: ni kwa matumizi ya utafiti pekee.

Onyo hilo lina uzito wake. Kingamwili iliyotengenezewa panya wa maabara haikamati PD-1 ya binadamu, na protini ya panya-buku ikiingizwa katika damu ya mtu, mwili huitambua kama mgeni na kuishambulia. Aidha, vichupa vya utafiti havipitii ukaguzi unaohitajika kwa dawa. Mabaki ya bakteria yanayoweza kuvumiliwa katika chombo cha maabara yanaweza kumtia mgonjwa homa kali na kumwangusha shinikizo la damu.

Hata kingamwili zinazotengenezwa kwa viwango vya juu huweza kugeuka kuwa janga. Mnamo Machi 2006, vijana sita waliojitolea kwa majaribio jijini London walipewa kingamwili iliyoitwa TGN1412. Hiyo haikuwa ya kufungua breki. Ilikanyaga mafuta moja kwa moja. Wote sita walijikuta katika chumba cha wagonjwa mahututi, ingawa majaribio ya awali kwa wanyama hayakuwa yameonyesha hatari hiyo.

Kwa hivyo, umbali kati ya kichupa cha maabara na dripu ya hospitali ni mrefu na una sababu zake. Kwanza, sehemu kubwa ya kingamwili ya panya hubadilishwa ili ifanane na ya binadamu. Kisha seli zinazoitengeneza hulelewa katika matangi makubwa chini ya usafi mkali, kila bechi ikipimwa. Hatimaye huja majaribio kwa mamia ya wagonjwa, ambayo hugharimu fedha nyingi na huchukua miaka. Dawa ya kwanza ya kundi hili, ipilimumab inayolenga CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Nivolumab na pembrolizumab, zinazolenga PD-1, zilifuata mwaka 2014.

Matunda yake ni bayana. Katika jaribio kubwa la wagonjwa 617 wa saratani ya mlango wa kizazi iliyorejea au kusambaa, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, asilimia 50 ya waliopewa pembrolizumab pamoja na tibakemikali walikuwa hai baada ya miaka miwili. Kwa wale waliopewa tibakemikali bila dawa hiyo, walikuwa asilimia 40. Si muujiza, lakini kati ya kila wanawake 10, mmoja zaidi alikuwa bado yu pamoja na wanawe.

Wala dawa hii haikosi madhara. Breki zikifunguliwa, seli T zinaweza kuyavamia mapafu, utumbo, ini, tezi ya shingoni au hata moyo. Daktari anayeitoa ni lazima awe na maabara ya kufuatilia hali ya mgonjwa na dawa za kuzituliza seli hizo pindi zinapopita mpaka.

Hapa ndipo mjadala wa bei unapoanzia. Watetezi wa kampuni za dawa husema, na wana haki kwa kiasi, kwamba majaribio yaliyofaulu hubeba pia gharama ya yale yaliyofeli. Hata hivyo, makadirio ya wahandisi wa sekta hiyo ni kuwa katika viwanda vikubwa gramu moja ya kingamwili huweza kuzalishwa kwa dola 100 hivi au chini ya hapo, kabla ya kufungashwa. Dozi ya miligramu 200 ni sehemu moja ya tano ya gramu.

Mnamo 2024, kampuni ya Merck ya Marekani iliuza pembrolizumab, kwa jina la Keytruda, ya zaidi ya dola 29 bilioni. Kiasi hicho kinakaribia bajeti nzima ya serikali ya Kenya ya mwaka wa fedha 2024/25, iliyokuwa takriban Sh3.9 trilioni. Ni vigumu kushawishi yeyote kwamba gharama za utafiti bado hazijarejeshwa.

Fauka ya hayo, chimbuko la maarifa haya si mfuko wa kampuni pekee. PD-1 iligunduliwa katika chuo kikuu cha umma. Kazi ya kuigeuza kingamwili ya pembrolizumab kutoka ya panya hadi kufanana na ya binadamu ilifanywa na wanasayansi wa shirika la hisani la Uingereza ambalo sasa huitwa LifeArc. Mnamo 2019, shirika hilo liliuza sehemu ya mrabaha wake kwa mfuko wa pensheni wa Kanada kwa takriban dola 1.3 bilioni. Honjo naye alizozana na kampuni ya Ono kuhusu mgao wake hadi 2021, walipokubaliana kulipwa kwa yeni bilioni 28, nyingi zikienda kwa hazina ya utafiti ya chuo chake.

Bara la Afrika halikosekani katika historia hii. Mnamo 2006, jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotumia damu ya watu 71 wenye virusi vya Ukimwi mjini Durban, Afrika Kusini, ambao hawakuwa wameanza kutumia dawa. Ulibaini kuwa seli T zinazopambana na virusi hivyo zilikuwa zimejaa PD-1 na kuchoka, na kwamba kingamwili zilipotumika maabarani kuziba mawasiliano ya PD-1 na PD-L1, seli hizo zilipata nguvu upya. Waafrika walichangia damu na maarifa yakapatikana. Wakati wa kugawa matunda, jina la Afrika halionekani miongoni mwa wanaokula.

Je, bei hii ni amri isiyoweza kutanguliwa? Mifano mitatu kutoka bara la Asia inaonyesha kinyume.

Nchini Japani, ambako ndiko kwao na ugunduzi huu, serikali iliona nivolumab inatishia kuimeza bima ya taifa. Mnamo Februari 2017, ilipunguza bei yake kwa asilimia 50 kwa mpigo mmoja. Kampuni iliendelea kuiuza.

China ilifuata njia nyingine. Kampuni zake, zikiwa na wataalamu waliokwisha kuzoea kingamwili maabarani, zilitengeneza za kwao. Mbili za kwanza, toripalimab na sintilimab, ziliidhinishwa Desemba 2018. Mwaka uliofuata, serikali ilifanya mapatano na watengenezaji wa sintilimab, ambao walikubali kupunguza bei kwa asilimia 64 ili dawa yao iingie katika orodha ya bima ya taifa.

India, ambayo hali yake ya uchumi inakaribiana zaidi na ya Kenya, iliuliza swali ambalo kampuni za dawa hazikuwa na haja ya kuliuliza: je, dozi kubwa kiasi hicho inahitajika? Madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, waliwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo miligramu 20 pekee za nivolumab kila baada ya wiki tatu, pamoja na vidonge vya bei nafuu. Dozi ya kawaida ni miligramu 240 kila baada ya wiki mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, asilimia 43 ya waliopewa dozi hiyo ndogo walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 16 ya waliopewa vidonge peke yake.

Matokeo hayo yalitokana na jaribio la wagonjwa 151 wa aina moja ya saratani katika hospitali moja, na hayawezi kuhamishiwa kwa saratani ya mlango wa kizazi bila kuthibitishwa. Lakini funzo lake ni zito. Swali ambalo lingepunguza gharama kwa zaidi ya asilimia 90 liliulizwa na wale ambao wagonjwa wao walikuwa wakifa kwa kukosa fedha.

Kenya nayo si mgeni katika mapatano ya aina hii. Mnamo 2025, serikali na kampuni ya Roche zilikubaliana kuhusu Herceptin, kingamwili inayotibu aina moja ya saratani ya matiti. Bei ya kila kipindi cha matibabu ilishuka kutoka takriban Sh120,000 hadi Sh40,000, nayo SHA ikajitwika mzigo wa kulipa. Kilichowezekana kwa kingamwili moja hakiwezi kutangazwa kuwa muhali kwa nyingine.

Isitoshe, sheria ipo. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 inairuhusu serikali kutumia uvumbuzi wenye hataza kwa manufaa ya umma. Ilipitishwa wakati wa vita vya kupigania dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, ambazo mnamo 2000 ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa dola 350. Waliosema Mwafrika hawezi kumudu dawa hizo walinyamaza.

Hata hivyo, ni lazima tofauti isemwe wazi. Kidonge cha Ukimwi ni kemikali inayoweza kunakiliwa kwa usahihi kamili. Kingamwili hutengenezwa na seli hai, na kuinakili kunahitaji matangi, wataalamu na wakaguzi wenye uwezo wa kuthibitisha kuwa nakala inafanya kazi sawa na ya awali. Hataza kuu ya pembrolizumab nchini Marekani inatarajiwa kuisha mwaka 2028. Siku hiyo nakala za bei nafuu zitaanza kubisha hodi, na nchi isiyo na maabara ya kuzipima itakuwa kama mnunuzi kipofu sokoni.

Ndiyo maana kichupa kile kidogo cha utafiti kina umuhimu kuliko udogo wake. Kingamwili za maabara ndizo zinazotumika kupima iwapo uvimbe wa mgonjwa una PD-L1, kipimo ambacho humwongoza daktari kujua nani ana nafasi nzuri ya kufaidika. Bila kipimo hicho, dawa ghali inaweza kumwagwa bure. Ndizo pia darasa ambamo mwanasayansi chipukizi hujifunza kutambua kingamwili njema na mbovu.

Na mbovu zipo tele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulijaribu kingamwili 614 zinazouzwa kwa ajili ya utafiti wa protini 65. Zaidi ya nusu zilishindwa katika jaribio moja au zaidi. Maabara yenye bajeti finyu ikiuziwa kichupa kisichofanya kazi hupoteza fedha, muda na pengine imani ya wafadhili wake. Ni dhahiri kwamba Kenya inahitaji mahali pa pamoja pa kuzipima kabla kila chuo hakijapata hasara yake peke yake. Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini (KEMRI) na vyuo vikuu vya umma ndivyo vinavyofaa kuongoza shughuli hiyo.

Wapo watakaosema kwamba fedha za umma ziende kwanza kwa kinga. Hoja hiyo ina mashiko. Chanjo dhidi ya virusi vya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, pamoja na uchunguzi wa mapema, vitaokoa maisha mengi zaidi kwa gharama ndogo. Lakini msichana aliyechanjwa leo anamkinga mwanamke wa mwaka 2045. Mamake, ambaye hakupata chanjo hiyo, yu hospitalini sasa, na hawezi kuambiwa asubiri kizazi kijacho kipone. Kipengele cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, bila kubagua umri.

Yapo basi mambo matatu yanayoweza kuanza bila kungoja 2028. Wizara ya Afya inaweza kuketi na watengenezaji wa pembrolizumab kwa mfano wa mapatano ya Herceptin, ikiwezekana kwa pamoja na majirani wa Afrika Mashariki, kwani mnunuzi mkubwa husikizwa. Hospitali za rufaa zinaweza kushiriki katika majaribio ya dozi ndogo, chini ya usimamizi wa kamati za maadili, ili ijulikane kama kilichofaulu Mumbai kinafaa Nairobi na Eldoret. Nayo Bodi ya Dawa na Sumu inaweza kuanza sasa kuandaa wakaguzi wa nakala za kingamwili.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Japani, China na India ziliinama miaka mingi juu ya vichupa vya maabara kabla ya kusimama mbele ya kampuni kubwa na kutaja bei zao. WHO imekwisha kusema kuwa dawa hii ni muhimu. Wanawake zaidi ya 3,000 wanaofariki kila mwaka nchini wanangoja kuona kama serikali yao inalisoma neno hilo kwa maana ileile.